Kuusahau Mwisho: Sifa za Mwigizaji wa Tamthilia ya Kihistoria

Miongoni mwa kazi zote za jukwaani, hakuna inayomdai mwigizaji nidhamu ya nafsi kama tamthilia ya kihistoria, yaani mchezo ulioandikwa ili utendwe mbele ya watu na ambao mhusika wake mkuu aliwahi kuishi, akatenda mambo yanayokumbukwa hadi leo, kisha akafa. Katika mchezo wa kubuni mtazamaji huja akiwa hajui mambo yatakavyokwisha, na shauku hiyo peke yake humpunguzia mwigizaji sehemu kubwa ya mzigo. Katika mchezo wa historia, mtazamaji ameshafundishwa darasani kwamba shujaa alinyongwa au alijiua, na mwigizaji naye anajua hivyo tangu siku aliyokabidhiwa mswada. Ustadi unaostahili kusifiwa hapa ni ule wa kuusahau mwisho, yaani kumrudishia marehemu ile saa ambayo alikuwa bado hajui litakalompata, ili uamuzi wake uonekane kuwa uamuzi kweli, wenye hofu na tamaa na kubahatisha, wala si hatua za mtu anayeelekea kaburi lililokwisha kuchimbwa.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Msingi wake ni Vita vya Majimaji vya miaka ya 1905 hadi 1907, na mhusika wake mkuu anatokana na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu wa kusini maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, akanyongwa mwezi Agosti 1905, vita vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein aliwatahadharisha wasomaji wake kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo, ambayo wasomaji wengi huipita haraka, ni msaada mkubwa kwa mwigizaji, kwa kuwa inamwondolea wajibu usiowezekana wa kufanana na mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona, na kumwachia wajibu mgumu zaidi wa kuwa mkweli.

Ugumu wenyewe unaonekana wazi pale Kinjeketile anapopagawa na Hongo, pepo wa maji, akaburutwa hadi mtoni na kutoweka humo, kisha akaibuka na ujumbe wa umoja. Mwigizaji asiye na ukomavu huitenda sehemu hii kama mtu anayejua kwamba maji hayatazuia risasi: sauti yake hubeba huzuni ya mapema, macho yake huomba radhi kwa watazamaji, na papo hapo mchezo hupoteza nguvu, kwa sababu hakuna anayeweza kuwafuata maelfu waliokwenda vitani ikiwa kiongozi wao mwenyewe anaonekana kuwa na shaka kabla ya wakati. Mwigizaji stadi huyaamini maji. Huyaamini kwa mwili mzima, kwa pumzi na kwa namna anavyosimama, mpaka ifike ile saa ya kutisha ambapo Kinjeketile anatambua kwamba katika kupagawa kwake alisema watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Unguja, maana yake mkoloni mmoja ataondolewa ili nafasi yake ichukuliwe na mtawala mwingine. Hapo imani inapasuka mbele ya macho ya watu, na mpasuko huo hauna thamani yoyote ikiwa kitu chenyewe hakikuwa kizima hapo awali.

Inafaa pia kuwakumbuka waigizaji ambao majina yao huchapishwa mwisho wa orodha. Tamthilia ya Hussein haianzi na mganga wala na askari; inaanza na wanawake, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, wakizungumzia njaa na wanaume waliopelekwa kufanya kazi ya shuruti shambani kwa Mjerumani. Mazungumzo hayo ya nyumbani ndiyo yanayompa mtazamaji sababu ya vita, na mwigizaji anayeyatamka kana kwamba ni utangulizi tu wa mambo makubwa yanayokuja huwa ameuharibu mchezo mzima, hata kama mwenzake atakayemwigiza mganga ni hodari kupita kiasi.

Wataalamu wa sanaa ya jukwaa wametofautiana kuhusu njia ya kufikia ukweli huo. Konstantin Stanislavski wa Urusi alimfundisha mwigizaji ajiulize angefanya nini kama angekuwa katika hali ya mhusika, na kutokana na jibu hilo aamshe hisia zilizo hai. Bertolt Brecht wa Ujerumani, ambaye fikra zake wachambuzi wengi wameziona katika kazi za Hussein, alitaka mwigizaji aache nafasi kati yake na mhusika ili mtazamaji asizame katika huruma bali apime na kuhukumu. Katika mchezo wa historia njia hizi mbili huhitajiana kuliko inavyodhaniwa. Katika tukio la mwisho, pale ofisa wa Kijerumani anapomtaka Kinjeketile atangaze kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa kuwa anaona neno lililokwisha kuzaliwa litarithiwa na wajukuu, mwigizaji hana budi kuumia kama mfungwa na wakati huohuo kuwaachia watu nafasi ya kujiuliza: je, kukataa huko ni ushujaa, au ni kuendeleza kosa lililokwisha kuua watu wengi? Mwigizaji anayejibu swali hilo kwa niaba ya ukumbi huwa amejichukulia kazi isiyo yake.

Hadhira nayo huongeza uzito. Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya M. M. Mulokozi iliyochapishwa mwaka 1979, inamhusu mtawala wa Wahehe aliyelishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898, na ambaye fuvu lililorudishwa kama lake mwaka 1954 limehifadhiwa Kalenga. Atakayemwigiza Iringa ataketiwa mbele na watu wanaomwita mhusika huyo babu. Watawala wametambua uzito huohuo. Nchini Ufilipino mwaka 1903, chini ya Marekani, mwandishi Aurelio Tolentino alikamatwa kwa sababu ya tamthilia yake ya kizalendo, na nchini Kenya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa ameshirikiana na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuandika mchezo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ulioonyeshwa Nairobi mwaka 1976, aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka uliofuata, baada ya mchezo wake mwingine, uliotendwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kupigwa marufuku. Kitabu kinaweza kukaa kabatini bila kumsumbua mtu, lakini mtu aliye hai anayesimama mbele ya wenzake na kusema maneno ya marehemu hana mlango wa kufungiwa isipokuwa wa gereza.

Uwanda wa Ufipa nao, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambapo mji wa Laela upo kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Tunduma, una hazina ya historia inayolingana kabisa na sanaa hii. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika masimulizi ya Milansi, makao ya kale ya watawala waliohusishwa na ufuaji chuma, na jinsi utawala ulivyohamia kwa ukoo wa Watwachi, ambao baadaye uligawanyika katika falme mbili za Nkansi na Lyangalile. Masimulizi hayo yana matoleo kadhaa, lakini kiini chake ni kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi wakati mfalme Ntatakwa yuko mawindoni, wakapokewa na mwanamke wa nyumba ya mfalme, na mmoja wao akakalia kigoda cha utawala. Ntatakwa aliporudi aliyakubali yaliyotokea, akabaki na Milansi pamoja na heshima yake ya kale. Hakuna damu iliyomwagika, na pengine kwa sababu hiyo watu waliozoea kudhani kwamba historia ni vita tu hawajaona ukubwa wa tukio hili.

Kwa mwigizaji, tukio hilo ni mtihani wa kiwango cha juu. Mwanamke anayewapokea wageni hajui kwamba anakabidhi nchi. Anajua tu kwamba mgeni hasimamishwi mlangoni, na atakayemwigiza lazima alinde ukarimu huo usigeuke kuwa ujinga. Ntatakwa anaingia na uchovu wa mawindo na furaha ya mtu anayerudi kwake, na kati ya hatua yake ya kwanza uani na pale macho yake yanapotua juu ya kigoda kuna muda mfupi ambao hauna hata neno moja, ila ndani yake utawala unabadilika. Muda huo hauwezi kuandikwa na mtunzi yeyote. Ni mali ya mwigizaji, na ndiyo sababu ya sanaa hii kuitwa sanaa.

Ufipa unatoa pia somo la mikono. Mafundi wa uwanda huu walijenga malungu, yaani tanuri za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa kupitia matundu ya chini bila mivukuto na kuwaka kwa siku kadhaa, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe. Vyuma vya kigeni vilipoingia kwa wingi kazi hiyo ilififia, na baadaye wazee walioikumbuka waliirudia mbele ya watafiti ili iandikwe. Wazee hao walikuwa wakifanya hasa kile kinachotakiwa kwa mwigizaji wa historia: hawakuonyesha mambo ya kale kwa kuyaeleza, bali waliyatenda upya, kwa udongo halisi na moto halisi, na maarifa yao yalionekana katika namna ya kushika na kupima kabla hayajaonekana katika maneno. Mwigizaji atakayemwakilisha fundi wa Milansi bila kwanza kujifunza kwa mtu anayejua kufinyanga udongo na kuchoma mkaa atakuwa amevaa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, pasipo mtu ndani yake.

Walimu wa Kiswahili na wa historia wa Laela na mkoa mzima wa Rukwa wanaombwa, kwa hiyo, wasiishie kuwapa wanafunzi tamthilia za kukariri kwa ajili ya mtihani. Wawapeleke kwa wazee wakiwa wangali hai, wayakusanye masimulizi ya Milansi kwa Kifipa na kwa Kiswahili, wawaachie vijana wayatunge na kuyatenda uwanjani mbele ya wazazi wao, na wawape muda wa mazoezi unaotosha, kwa kuwa nafasi ya Ntatakwa haiwezi kujifunzwa kwa wiki moja.