Kufumwa na Kutofumwa: Neno Moja katika Orodha ya Ushuru wa Forodha

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuipitie, rasimu ya tafsiri ya sehemu ya orodha ya ushuru wa forodha inayohusu mavazi. Mfasiri wake ni hodari, na sarufi yake haina dosari. Hata hivyo imetubidi tuirudishe kwa sababu ya neno moja tu, nalo ni kufuma.

Msomaji atakumbuka kwamba nchi za Afrika Mashariki huainisha bidhaa kwa kufuata mfumo wa kimataifa ulioanza kutumika tarehe 1 Januari, 1988. Katika mfumo huo mavazi yamegawanywa katika sura mbili. Sura ya 61 ni ya mavazi ya kitambaa kilichofanyizwa kwa vitanzi vya uzi vinavyoshikana, kama fulana na sweta. Sura ya 62 ni ya mavazi yasiyokuwa ya namna hiyo, ambayo mengi yake ni ya kitambaa cha nyuzi zilizopishana. Kwa hiyo chupi ya wanawake ya kitambaa cha vitanzi huingia kichwa cha 6108, na ile ya kitambaa cha nyuzi zilizopishana huingia 6208.

Mfasiri ameiita ya kwanza “nguo ya ndani iliyofumwa” na ya pili “nguo ya ndani isiyofumwa”. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Ni kweli kwamba mama anayetengeneza sweta kwa sindano mbili husemwa anafuma, na vivyo hivyo anayetengeneza vitambaa vya makochi kwa sindano yenye kulabu. Lakini mfumi wa kale, aliyetega mtande na kupitisha mshindio, naye alifuma. Na kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kilifuma khanga na vitenge. Tukiifuata rasimu, khanga itakuwa kitambaa kisichofumwa! Isitoshe, vipo vitambaa ambavyo kwa hakika havikufumwa kwa njia yoyote, bali nyuzinyuzi zake zimegandamanishwa tu, navyo vina kichwa chao, 5603. Hivyo tutaviitaje?

Tulikwenda Kariakoo kusikiliza. Katika maduka ya Mtaa wa Kongo hatukumsikia mtu akitaja kufuma. Muuzaji huivuta nguo kwa vidole viwili na kusema “hii inavutika” au “hii haivutiki”. Kipimo hicho hakitoshi kisheria, kwani mpira ukitiwa katika nyuzi hata kitambaa cha mtande na mshindio huvutika. Lakini kinatuonyesha kuwa tofauti yenyewe inajulikana, ila haijapata jina. Tunapendekeza “kitambaa cha vitanzi” kwa Sura ya 61, na “kitambaa cha mtande na mshindio” pale kinapotajwa. Neno kufuma libaki mama wa yote mawili.

Katika majina ya nguo zenyewe soko ni mwalimu mzuri kuliko kamusi. Rasimu imeandika “vazi la ndani refu” mahali palipostahili shimizi, linaloning’inia mabegani, na gagulo, linalofungwa kiunoni. Maneno haya yapo, na hatuoni sababu ya kuyaacha. Sidiria nayo ina kichwa chake, 6212, iwe ya vitanzi au isiwe. Neno lenye matata ni taiti. Sokoni hutajwa kwa vazi linalofunika hata nyayo, ambalo ni la 6115, na pia kwa lile lisilo na nyayo linalovaliwa kama suruali, ambalo ni la 6104. Skintaiti fupi inayovaliwa chini ya gauni ndiyo iliyotushinda. Tumeiacha bila jina sanifu mpaka tupate maoni zaidi.

Huenda mtu akauliza kuna hasara gani ikiwa ushuru wa sura zote mbili unalingana. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini Tanzania. Mfanyabiashara akitangaza “zisizofumwa” kwa kuamini maana ya kawaida ya neno, na afisa wa forodha akalisoma kwa maana ya rasimu, tamko litakuwa la uongo bila mtu kusema uongo, na mzigo utakaa bandarini ukilipiwa gharama za kuhifadhiwa. Rasimu tumemrudishia mfasiri pamoja na mapendekezo haya. Tunawaomba walimu wa ufundi wa nguo, na hasa wale wanaofundisha kwa mashine za sweta, watueleze wanafunzi wao huviitaje vitanzi hivyo.