Mshono Chini ya Boneti

Anayetaka kujua kama fundi amepandikiza injini vizuri asianze kwa kuwasha gari. Afungue boneti, ainame, atafute mishono. Katika kila gari kuukuu lililobadilishwa injini pana mahali ambapo kazi ya kiwanda inakoma na kazi ya gereji inaanza, na hapo ndipo fundi anaposomeka.

Pikapu ninayoihakiki ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, inayopandisha vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Hii ilizaliwa na injini ya petroli ya cc 2286, vumilivu kweli, lakini hainyweshwi ikatosheka. Sasa imewekewa 200Tdi, dizeli ya cc 2495 yenye tabo, iliyotolewa kwenye Discovery iliyopata ajali.

Ukizitazama juu juu utadhani ni injini za koo mbili. Sivyo. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 90.47, kilichoongezeka ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 88.9 hadi 97. Land Rover walipoitoa 200Tdi mwaka 1989 walikuwa bado wanaikuza injini waliyoianza miaka ya 1950. Ndiyo maana mgongo wake unakubali giaboksi ya zamani kwa marekebisho madogo, bila bamba nene la kuunganishia kama lile linalohitajika ukileta injini ya kampuni nyingine. Mjukuu amekaa kwenye kiti cha babu yake, na kiti hakikuchongwa upya.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni waya mmoja mweupe. 200Tdi haina kompyuta. Ukiacha umeme wa starta na wa hita plagi, inachodai ni waya mmoja tu unaofika kwenye pampu ya dizeli: umeme ukiwapo mafuta yanapita, ukikatika injini inazimika. Fundi wa pikapu hii hakuvuta waya mpya. Aliuchukua uleule uliokuwa ukipeleka umeme kwenye koili ya plagi, akaugeuza njia kwa sentimita chache, akaufunga kwenye pampu. Swichi ni ileile na ufunguo ni uleule. Dereva aliyeizoea petroli kwa miaka mingi hakufundishwa jambo jipya ila kusubiri hita. Nimeona kazi za gharama kubwa, zenye swichi tatu mpya zimetobolewa kwenye dashibodi, ambazo hazina hata nusu ya utulivu huu.

Mshono wa tabo ni mgumu zaidi. Kwenye Discovery tabo limekaa chini, nalo hugombana na kikalio cha injini kwenye chesisi ya 109. Wasio na subira hukata chesisi yenyewe. Huyu alikata kikalio tu, akachomelea kingine kilichosogezwa, na uchomeleaji wake ni mstari uliolala sawasawa, haukujificha chini ya rangi nzito. Kwenye tangi ameongeza bomba dogo la kurudishia dizeli, kwa kuwa petroli haikuhitaji njia hiyo.

Difu hakuzigusa. Kuna watakaomlaumu. Difu za 4.7 kwa 1 zinaifanya injini ilie mno barabara ya lami, wakati Discovery ilikuwa na za 3.54. Mimi namtetea. Injini hii inatoa zaidi ya Nm 250 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, ya zamani ilikuwa kwenye 160 hivi. Nguvu hiyo ikipitia difu fupi, gari linapanda na magunia likiwa taratibu, bila kuchoma klachi. Pikapu ya vitunguu haina sababu ya kukimbizana na mabasi. Ila giaboksi ile haikuundwa kwa nguvu hizi, na dereva mwenye mguu mzito ataivunja.

Kasoro ipo, nayo ni kubwa. Uso wa Series III ni mwembamba. Rejeta na kipozea hewa cha tabo havitoshei ubavu kwa ubavu bila kukata bati la mbele. Ili asiukate uso huo, fundi alikiacha kipozea hewa nje kabisa, akaunganisha tabo na injini kwa bomba tupu, kisha akapunguza mafuta kwenye pampu. Naielewa huruma yake kwa sura ya gari. Lakini hewa ya moto inaingia kwenye silinda mlimani, tena mzigo ukiwa kamili, na nguvu iliyotafutwa kwa shida yote hiyo inapungua palepale inapohitajika. Bati lile lingekatwa. Mengine yote kwenye pikapu hii ningeyaacha yalivyo.