Saa Tisa si Alfajiri

Katika safu hii tunapenda kuhakiki mazoea ambayo vitabu vya kufundishia na taarifa za habari vinazidi kuyaeneza: kila saa iliyo kati ya usiku na asubuhi huitwa alfajiri. Tunasikia "saa tisa alfajiri", hata "saa nane alfajiri".

Tuchukue mfano wa Grande Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma, kando ya Ziwa Kivu. Hapo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Alfajiri, neno tulilolipata kwa Kiarabu, huanza na weupe wa kwanza upande wa mashariki, wakati wa sala ya kwanza. Gisenyi ni kama saa kumi na moja kasorobo. Saa nane ina jina lake, usiku wa manane, na hesabu yake imo ndani ya jina. Hufuata majogoo, kisha alfajiri, kisha mapambazuko nuru inapotanda, na mwisho macheo.

Watatokea wa kusema kwamba lugha ni ya wasemaji, na wasemaji wamekwisha amua. Hatukatai. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mwanafunzi Mnyarwanda huja darasani na maneno yake: igicuku, usiku mzito, na urukerera, kunapokaribia kucha. Tukimpa "alfajiri" kwa yote mawili, tunampokonya tofauti aliyotoka nayo nyumbani.

Tofauti hiyo si pambo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Mlima Nyiragongo ulilipuka. Maelfu ya wakazi wa Goma walivuka mpaka usiku kuingia Rubavu, na kulipokucha wengi wakaanza kurejea. Anayesimulia kwamba watu "walivuka alfajiri" hatuelezi kama walikimbia gizani na watoto mgongoni, au walikuwa tayari wakiiona njia ya kurudia nyumbani.

Tunawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi zoezi moja: wasimulie usiku mmoja, kuanzia manane hadi macheo, bila kulitumia neno alfajiri zaidi ya mara moja. Wataona wenyewe kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Sisi ndio tuliokuwa hatuyatumii.