Lugha ya Maonyo ya Kwanza juu ya Umeme wa Majumbani

Mwezi wa Novemba 1889 jarida la Marekani liitwalo North American Review lilichapa makala ya Thomas Edison juu ya hatari za taa za umeme. Makala hiyo, iliyo miongoni mwa maonyo mashuhuri ya kwanza kupewa umma juu ya jambo hilo, yastahili kupimwa kwa lugha yake na si kwa ukweli wake tu. Onyo ni maneno yatakiwayo kuokoa roho. Yakipotoka, hasara yake huwa kubwa.

Hofu ilikuwa na msingi. Tarehe 11 Oktoba 1889, mjini New York, fundi wa nyaya alikufa juu ya nguzo, mchana, mbele ya umati wa watu. Edison aeleza kwamba kuzika nyaya ardhini hakutaondoa hatari, bali kutaihamishia majumbani na madukani. Hoja hiyo ni nzito. Lakini dawa aitakayo ni sheria ya kupunguza msukumo wa umeme, na kupigwa marufuku kwa mkondo geu, yaani ule uendao na kurudi. Mkondo huo ndio uliouzwa na mshindani wake, George Westinghouse; wa Edison ulikwenda upande mmoja tu. Kampuni yake ilikwisha toa kijitabu cha onyo mwaka 1888, nacho kilielekea huko huko. Hivyo onyo na biashara vilisema kwa kinywa kimoja, wala msomaji hakuweza kuvitenga.

Westinghouse alijibu mwezi wa Desemba. Alisema kwamba magari ya barabarani na gesi ya taa viliua watu wengi kuliko umeme, na kwamba transfoma hupunguza msukumo kabla haujaingia nyumbani. Hoja ya pili ina manufaa, maana yaeleza jinsi chombo kifanyavyo kazi. Ile ya kwanza yatuliza moyo tu. Kujua idadi ya waliokanyagwa na magari hakumfundishi mtu asishike waya. Katika shauri hili mwenye nyumba ni kama shahidi katika kesi ya watu wengine: aitwa na kila upande, wala haambiwi afanye nini arudipo kwake.

Ugomvi huo uliingia hata katika uundaji wa maneno. Upande wa Edison lilipendekezwa jina la Westinghouse lifanywe kitenzi cha kumwua mhalifu kwa umeme. Pendekezo halikushika. Neno lililoshika katika Kiingereza lilitokana na kuunganishwa kwa jina la umeme na kitenzi cha kutekeleza hukumu. Adhabu hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti 1890, kwa mkondo geu. Baadaye neno lenyewe likaenea hata kwa ajali, na mtoto aliyegusa waya akasemwa kwa neno la mnyongaji.

Kiswahili kilishika njia nyingine. Jina umeme ni la mbinguni, nalo laleta mawazo ya mwako na ngurumo. Kwa hiyo laweza kupoteza, kwani waya uuao haumeremeti wala haulii. Lakini usemi kunaswa na umeme ni onyo kamili. Mkondo geu hukaza misuli ya mkono hata aliyeshika asiweze kuachia, kama ndege mtegoni. Aujuaye usemi huo ameelezwa pia kwa nini asimshike mwenzake aliyenaswa kabla ya kuzima umeme. Kibao chenye fuvu na neno HATARI hakisemi hata nusu ya hayo.

Mkondo geu ulishinda; huko New York, mwaka 2007, kampuni yenye jina la Edison ilikoma kuuza ule wa upande mmoja. Ubishi wa 1889 ukawa historia, na waya ukabaki ukutani. Onyo lililo bora ni lile limwambialo mtu mkono wake auweke wapi.