Ngozi Inayolia Menoni

Jina la mashine hii lina udanganyifu kidogo. Kikaangio cha hewa hakikaangi kitu. Philips walipokionyesha Berlin mwaka 2010, ndani yake mlikuwa na oveni ndogo tu: koili ya moto juu, feni ya kuzungusha hewa, na kikapu chenye matundu. Anayekichukulia kama karai la mafuta, kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza, atatoa kuku mwenye ngozi ya raba.

Siku hiyo mapaja sita ya kuku wa kisasa yalilala kwenye limao, mtindi, tangawizi na kitunguu saumu cha kutwanga. Nikayapanga yote kikapuni, yakapandana. Nyuzi 200, dakika 25. Nyama iliiva, ngozi ikavutika kama mpira, na kitunguu saumu kikaungua hadi kuwa kichungu.

Tatizo lilikuwa maji. Ngozi hushika kahawia vizuri ikishapita nyuzi 140 hivi, lakini maadamu ina unyevu, joto huishia kuugeuza mvuke na ngozi yenyewe hubaki karibu na nyuzi 100. Kwenye karai kosa hilo husameheka, kwa sababu mafuta huigusa nyama pande zote na kuipa joto upesi kuliko hewa. Hewa ni mchukuzi dhaifu wa joto. Msaada wake ni feni, inayoufukuza mvuke usitulie juu ya ngozi. Ukijaza kikapu umeiziba njia yake, na kuku anajichemsha mwenyewe. Rojo la unga nalo ni kazi bure humo: hudondokea matunduni kabla halijashika.

Limao lina kesi yake ya pekee, maana uchachu hupunguza kasi ya ngozi kushika rangi. Mtu wa Pwani hawezi kuambiwa aache limao, basi nikalihamisha tu: linakamuliwa mezani.

Mara ya pili niliyafuta mapaja kwa kitambaa safi mpaka yakaacha kuteleza mkononi. Kwa kilo moja nilichanganya vijiko viwili vya chai vya beking pauda, kimoja na nusu cha chumvi, pilipili manga na binzari nyembamba ya unga. Beking pauda hupunguza uchachu wa ngozi, ikashika rangi mapema. Magadi yasichukue nafasi yake. Yana nguvu mno, na kuku ataonja sabuni. Nikayapaka mapaja mchanganyiko huo, nikayaacha wazi kwenye friji usiku kucha, rafu ya chini kabisa, majimaji yasije yakadondokea chakula kingine. Asubuhi ngozi ilikuwa kama karatasi.

Nilipika matatu matatu. Dakika 12 kwa nyuzi 180, ngozi ikitazama chini, mafuta yaliyo chini yake yayeyuke yatiririke. Nikageuza, nikapandisha hadi 200 kwa dakika 10. Kipimajoto kinaruhusu kula kuanzia nyuzi 74 katikati ya nyama, ila paja nalingoja lifike 80 na kitu, kano zilegee. Mashine ya wati 1,500 haili hata uniti moja ya umeme kwa nusu saa, kwa hiyo awamu mbili si hasara.

Kuku wa kienyeji hatakubali mpango huu. Dakika 22 zitamkausha tu, awe mgumu kuliko alivyoingia. Huyo achemshwe kwanza hadi alainike, achujwe, aachwe mvuke umtoke hadi akauke juu, kisha apakwe mafuta kidogo na kupigwa nyuzi 200 mpaka ngozi ibadilike. Supu, bila shaka, haimwagwi.

Mapaja yangu yalilia menoni. Matatu ya kwanza niliyatia kwenye hotipoti yasipoe wakati nikisubiri mengine, nikafunika. Baada ya dakika kumi mvuke wao ulikuwa umeshayarudisha kwenye raba. Sasa yanangoja juu ya wavu, wazi, na wageni wanaitwa mapema.