Ufundi wa Kuchagua Jogoo

Rangi ya unyoya wa kuku hutokana na melanini za aina mbili tu: nyeusi, na nyingine yenye wekundu na hudhurungi. Palipo peupe, melanini haikufika. Jeni chache zikiwasha, zikizima au kupunguza rangi hizo mbili, hupatikana kuku wa kila namna wanaoteremshwa kwa matenga sokoni Tunduma, mkoani Songwe, kutoka vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje: weusi tii, wekundu, wa kijivu, wa rangi ya kanga, wa milia.

Mfugaji wa Songwe hana maabara, ila ana uamuzi mmoja mzito kuliko yote: jogoo yupi abaki bandani na yupi apande tenga. Koo huzaa vifaranga wake tu. Jogoo ni baba wa banda zima. Anayejua kumchagua anastahili kuitwa fundi, maana anafanyia kazi kitu asichokiona, kwa kusoma dalili zake kwenye manyoya.

Milia ndiyo iliyo wazi zaidi. Unyoya mmoja wa kuku wa milia ukishikwa kwenye mwanga, weusi na weupe hupokezana kutoka nchani hadi kwenye shina. Ncha ndiyo huota kwanza, kwa hiyo kila mlia ni muda uliopita: hapa seli za rangi zilikuwa kazini, hapa zikaishiwa, hapa nyingine zikashika zamu. Jeni inayozichosha mapema imekaa kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Jogoo ana Z mbili, koo ana moja. Ndiyo maana jogoo aliyeirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama ana milia myeupe mipana, na kwa mbali huonekana mwangavu kuliko dada zake.

Ufundi hulipa hapo. Jogoo mweusi asiye na milia akimpanda koo wa milia, watoto wa kiume hupata Z ya mama pamoja na milia yake, ilhali wa kike hupata Z ya baba peke yake. Wakianguliwa, wenye doa jeupe utosini ni majogoo. Weusi utosi mzima ni mitetea. Jinsia inajulikana siku ya kwanza, kabla upanga haujaota. Huko Cambridge, Uingereza, wanajenetiki Punnett na Pease walitumia jeni hiyohiyo kupata Cambar mwaka 1929, aina ambayo jinsia ya vifaranga wake husomwa kwa rangi kizazi baada ya kizazi.

Kijivu humsumbua asiyeijua. Kuku wa kijivu ni mweusi aliyebeba nakala moja ya jeni inayofifisha. Kijivu kwa kijivu huleta takriban nusu kijivu, robo weusi, na robo weupe wenye mabaka. Anayetaka vifaranga wa kijivu watupu humpandisha mweusi na huyo wa mabaka, ambaye wengi huharakisha kumuuza.

Rangi peke yake haimtambulishi kuku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walipoeleza makundi ya kuku wa kienyeji, kama Kuchi na Ching'wekwe, walitazama pia umbo na uzito. Kundi mojawapo waliliita Mbeya, mkoa ambao Songwe ilikuwa sehemu yake hadi 2016.

Tukirudi kwenye rangi, uko pia weupe unaojificha, unaohitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jogoo mweusi na koo mweusi wakipata kifaranga anayekua mweupe kabisa, lawama si lazima ziende kwa jogoo wa jirani: huenda wazazi wote wawili walikuwa na jeni hiyo. Pengine jogoo amekaa mno bandani hadi anawapanda binti zake. Udhaifu uliofichika nao hukutana kwa njia hiyohiyo. Mfugaji makini humwondoa jogoo huyo na kutafuta mwingine kijiji cha mbali, mwenye kifua kipana na miguu iliyonyooka, asiye na undugu na koo wake.