Nani Aliruhusu Gesi Iwashwe?

Video ile mmeiona. Wengine mmenitumia mara mbili mbili, kama vile mlitaka nipandwe na presha. Karakana ya kuchomelea mjini Kasulu, kijana na miwani yake myeusi, bolti ya Mauser ya 98 imebanwa kwenye jiliwa, mwali wa gesi unaulamba mkono wa bolti hadi unakuwa mwekundu, kisha nyundo. Mkono uliokuwa umenyooka ukalala, watu wakashangilia. Mimi nilizima simu. Bunduki imeharibiwa, na sina lugha laini ya kulisema hilo.

Mnunuzi wa bunduki hiyo, mtu wa Kibondo, alianza vizuri: alipitia kamati za usalama na polisi hadi kibali, akalinganisha namba za bolti na za mwili, akachungulia mifereji ya mtutu, akapima kama ni wa risasi ya zamani au ile nene kidogo ya 1905. Hongera.

Basi gesi ya nini? Darubini. Mkono ulionyooka wa bunduki ya jeshi ukiinuliwa unagonga darubini iliyofungwa juu, kwa hiyo hauna budi kupindwa. Hapo simpingi. Nampinga kwa namna alivyopinda.

Rudisheni video nyuma, mtazame bolti yenyewe, mkono uacheni. Hakuna kitambaa kilicholowa maji. Hakuna kipande cha shaba wala chuma kilichoingizwa ndani ya bolti kunyonya joto. Mwali haukimbizwi, unakaa palepale. Chuma kikionekana chekundu mchana kweupe, kimevuka digrii 600. Kisha inatokea rangi ya buluu, ile inayokuja kwenye digrii kama 300, inatambaa kutoka shina la mkono kwenda mbele. Hapo ndipo ningempokonya tochi.

Chuma cha Mauser ya 98 ni laini ndani, kigumu juu. Nguvu yake ya kuhimili msuguano na mgandamizo imo kwenye ngozi ile ngumu ya nje. Joto likiingia, ngozi inalegea. Wa kwanza kuumia ni mteremko unaoivuta pini nyuma unapofungua bolti, kwa kuwa uko jirani kabisa na mkono. Utaanza kulika, na bolti itakuwa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Hilo ni la usumbufu tu. Sasa buluu ile ikifika kwenye meno mawili ya mbele, yanayofunga chemba, tunazungumza habari nyingine. Risasi ya 7.92 inaruhusiwa kufikia mgandamizo wa baa 3,900. Meno yaliyolainika yanasukumwa nyuma kidogo kwa kila mlio, nafasi ya ganda inaongezeka, siku moja ganda linapasuka. Ni kweli, Paul Mauser aliweka jino la tatu nyuma na matundu ya kutolea gesi. Aliyaweka kwa ajili ya ajali, siyo kwa ajili ya mafundi wa mageti. Halafu jino lenyewe la tatu liko karibu zaidi na mwali!

Na darubini ya nini? Nilishaandika hapa nikaitwa mzee wa kale, naandika tena: kwenye miombo ya Buha na matete ya Moyowosi, miti na majani hukufungia macho kabla umbali haujakushinda. Bell, yule mwindaji wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya .275, kaliba ndogo ambayo leo kanuni zetu haziikubali hata kwa nyati. Sisifu kufa kwa tembo; nasifu akili. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Alikitumia chombo alichokuwa nacho baada ya kukielewa. Corbett naye, mwindaji aliyemalizia maisha yake Nyeri, alipewa Rigby yake mwaka 1907 na akaitunza miongo mingi.

Wala asidanganyike mtu kwamba kila bunduki ya babu ilipigana vita vya Mjerumani. Mwaka 1914 askari wengi wa hapa bado walibeba modeli ya 1871, ile ya moshi mzito. Ukipata ya 98 iliyo nzima, namba zote zikisoma sawa, umepata kitu. Huyu alikipata, akakipeleka kwa mchomelea mageti.

Ndugu wa Kibondo, kama unasoma: usiipige hata risasi moja. Bolti ile itolewe, iwekwe nyingine na fundi wa silaha mwenye leseni, na nafasi ya ganda ipimwe kwa geji. Darubini iuze.